Fundi wa Sailensa wa Hai Mauna

Hakuwahi kumuuliza mteja gari lake linakwenda wapi. Swali hilo aliwaachia askari wa vizuizini, wake wa watu na Mwenyezi Mungu, ambao kwa maoni yake walikuwa na muda mwingi wa kupoteza. Yeye aliinua boneti, akachomoa bisibisi fupi iliyokaa nyuma ya sikio lake kama kalamu ya karani, akainama, na kutoka humo ndani sauti yake ikasikika: "Wewe nasimama wapi?"

Wageni walidhani hawakusikia vizuri. Wakajibu kwamba wanakwenda mtaa wa Juba Na Bari, au kwamba wanatoka New Site. Akawakatiza. "Kwenda, hata punda anaenda. Mimi nauliza, nasimama wapi?"

Kwa msomaji aliyejaliwa kupanda magari bila kulazimika kuyafungua, naomba nieleze. Injini ya gari lililosimama haipumziki. Inazunguka polepole, ikijilisha petroli kidogo ili isife. Mzunguko huo mafundi wa kwetu huuita sailensa. Ukiwa juu mno, gari hunguruma pasipo sababu na kunywa petroli kama mgeni wa harusini. Ukiwa chini mno, hutetemeka, hukohoa, huzima. Kati ya balaa hizo mbili pana skrubu moja kwenye kabureta, fupi kuliko kidole cha mtoto mchanga, na mbele ya skrubu hiyo, kwa miaka yote ya vita niliyomfahamu, aliinama Usta.

Usta ndivyo Juba inavyomwita fundi yeyote, nami sitamwita vinginevyo. Alikozaliwa sikujui, watu watatu waliwahi kunitajia vijiji vitatu, kila mmoja kwa kiapo. Alichokuwa nacho cha hakika ni Kiswahili cha Uganda, alichokiokota ukimbizini pamoja na ufundi wake, na vyote viwili alivitumia bila kuviosha, hata "unasimama" kwake ikawa "nasimama". Kiswahili changu mimi kilipigwa pasi katika shule za Kenya, jambo lililomchekesha kila nilipofungua kinywa. Aliniita Profesa. Sikuwa profesa. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili katika uhandisi, katika chuo kimoja cha Kampala, nikiandika tasnifu kuhusu mtetemo wa injini katika mizunguko ya chini, na vita vilipoanza nilikuwa nimekuja nyumbani kwa likizo ya wiki mbili. Likizo hiyo ilidumu miaka miwili na nusu. Kaka yangu, mtoto wa kwanza kati yetu wawili, alitoka nyumbani katika siku zile za mwanzo kumfuata rafiki aliyekwama upande wa pili wa mji, hakurudi. Mama alikataa kuondoka Juba kabla hajarudi. Nami nilikataa kumwacha mama. Basi tukangoja, na kwa kuwa mtu anayengoja huhitaji mahali pa kwenda asubuhi, nikawa nakwenda kwa Usta.

Gereji yake, kama neno hilo linaweza kubeba mabati manne na kivuli chake, ilikuwa mtaa wa Hai Mauna, kati ya kibanda cha kuchaji simu na meko ya mama wa chai. Mama wa chai ni muhimu katika kisa hiki. Kwanza, alisikia kila kitu na kukirudisha mjini kikiwa na sukari zaidi. Pili, glasi zake ndizo zilizokuwa vyombo vya maabara. Usta akimaliza kurekebisha, aliagiza chai, akaiweka juu ya kifuniko cha chujio la hewa, injini ikizunguka, akachuchumaa na kuutazama uso wa chai. Ukitetemeka kwa miduara midogo, alirudi kwenye skrubu. Ukitulia, aliinywa. Mimi nilikuwa na kipima-mizunguko cha kielektroniki, mali ya maabara ya chuo, nilichokiazima bila idhini ya mtu yeyote. Nililinganisha vyombo hivyo viwili kwa wiki tano na kuandika matokeo katika daftari lenye mistari ya rangi mbili. Chai haikukosea. Niliandika kwamba sampuli haitoshi.

Katika mji wa amani, sailensa ni suala la starehe. Katika Juba ya miaka ile, watu walikesha kwenye foleni za petroli na kushinda kwenye foleni za vizuizi, na betri nyingi zilikuwa kuukuu kiasi kwamba mwenye gari alilizima tu mahali penye mteremko au penye marafiki. Mtu mwenye busara aliacha injini inazunguka. Magari makubwa meupe ya wahisani yaliacha injini zinazunguka pia, kutwa nzima, mbele ya ofisi zenye mikutano kuhusu mazingira, ili dereva asipatwe na joto. Usta aliyastaajabia kwa dhati. "Hizo ndizo zinajua kusimama," alisema. "Hizo zina shahada."

Siku moja, nikiwa nimelala vibaya na kufikiri kupita kiasi, nilimwambia kwamba ukitazama kwa makini, nchi yetu yote iko kwenye sailensa: injini inazunguka, petroli inaungua, viongozi wako hotelini Addis wakijadili amani, na gurudumu halisogei. Nilijivunia sentensi hiyo. Nilikuwa nimeitunga tangu alfajiri.

Usta alichomoa kichwa kutoka kwenye boneti. "Nchi haina kabureta, Profesa," akasema. "Nipatie namba kumi."

Nikampa spana namba kumi.

Sasa niseme juu ya rangi ya kucha, ingawa yeye mwenyewe hakupenda izungumzwe. Akishairidhia chai, alitoa mfukoni kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, kile wanachouza akina mama wa soko la Konyokonyo karibu na nywele bandia, akaufuta uso wa skrubu kwa kitambaa chenye petroli, na kutia nukta moja. Moja tu, kubwa kama punje ya ulezi, nusu yake juu ya skrubu na nusu juu ya mwili wa kabureta. Ikikauka, ilikuwa muhuri. Skrubu ikisogea kwa mtikisiko wa barabara, au kwa kidole cha mtu asiyehusika, nukta hupasuka. Wateja walimtania, wakimwuliza harusi ni ya nani. Mkewe, aliyekuja mara moja kumletea funguo, hakuona cha kutania. "Kabureta za watu zimepambwa," alituambia sote, mikono kiunoni, "na mimi kucha zangu kama za kuku." Usta alimwahidi kichupa kizima. Ninavyojua, ahadi hiyo bado iko njiani.

Sitaki msomaji adhani ninachora mtakatifu. Alikuwa mzee wa kanisa aliyefanya kazi kila Jumapili, na alipoulizwa alieleza kwamba hakufanya kazi, alisikiliza tu. Aliyapokea hata magari mapya yenye kompyuta, ambayo hayana skrubu ya kugusa. Alisugua koo la hewa kwa mswaki, akakaa nusu saa na jicho moja limefumbwa, kisha akalirudisha gari kama lilivyokuja. Nilimweleza kwa staha kwamba magari yale hujirekebisha yenyewe. "Najua," alisema. "Lakini mwenyewe hajirekebishi." Na pikipiki yake, aliyoipanda asubuhi na jioni mbele ya wateja wale wale, ilizima kwenye kila makutano ya mji. Watoto wa Hai Mauna waliisukuma kama zamu ya shule. Nilipomwuliza kwa nini fundi wa sailensa hana sailensa, aliniangalia kana kwamba nimemwuliza kwa nini daktari anakufa. "Mimi, Profesa, sisimami popote. Mimi naenda tu."

Kwa swali lake lile moja aliijua Juba kuliko watu waliolipwa kuijua. Alijua nani anamsubiri nani, kwenye geti gani, kwa muda gani. Mchungaji mmoja, ambaye kanisa lake sitalitaja kwa sababu halikutenda kosa lolote, alileta gari lake na kusema anasimama kanisani, na kwamba angependa injini inyong'onyee kiasi cha kutosikika watu wakiomba. Usta alimshushia mpaka injini ikawa kama paka anayeota. Siku tatu baadaye Mchungaji alirudi, uso umekunjamana.

"Usta, umeharibu gari yangu. Kila jioni nazima."

"Kila jioni." Usta aliweka chai juu ya chujio. Chai ilitulia. "Na asubuhi?"

"Asubuhi haizimi."

Usta alifumba jicho moja. "Kanisa yako iko kwa tambarare, Mchungaji. Hii gari jioni nasimama kwa mlima. Pua juu."

Hapa ni lazima nieleze kwamba ndani ya kabureta pana kisima kidogo cha petroli, na gari likiinua pua, petroli hukimbilia nyuma ya kisima na injini yenye sailensa ya chini hukosa chakula. Hilo ni somo la sayansi. Somo lingine, ambalo kila mtu pale alilielewa bila msaada wangu, ni kwamba upande wa mlimani, kule Jebel, Mchungaji hakuwa na kanisa. Mama wa chai aliangusha glasi. Mchungaji alivitazama viatu vyake kwa makini, kama mtu anayesoma waraka.

Usta alizungusha skrubu robo, akatia nukta, akafunga boneti. "Khalas. Sasa nasimama vizuri, chini na juu."

Gari lilipoondoka nilicheka mpaka nikakaa chini. Usta alinielekezea bisibisi mimi, kisha mama wa chai. "Mimi ni fundi ya sailensa, si fundi ya ndoa. Maneno ya boneti nabaki kwa boneti." Mama wa chai, kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika historia ya Hai Mauna, alitii. Mimi ndiye ninayelivunja agizo hilo leo. Nalo si la kwanza kufungwa na Usta na kufunguliwa na mimi.

Mapigano yaliporudi mjini kwa mara ya pili, na tulipotoka chini ya vitanda vyetu, mama aliacha kungoja. Alisema bila machozi, akikunja nguo: "Aliyekwenda atanikuta popote nilipo. Wewe ndiye uliyebaki." Alifunga cherehani yake kwa shuka. Magari yalikuwa yakikusanyika ng'ambo ya daraja ili yasindikizwe kwa msafara hadi Nimule, mpakani mwa Uganda. Ukiukosa msafara, barabara ile haikuwa ya mtu mwenye akili timamu. Tulikuwa na gari dogo la marehemu baba, la kabureta, na madumu mawili ya petroli. Nikalipeleka kwa Usta.

"Wewe nasimama wapi, Profesa?"

"Sisimami, Usta. Naenda Nimule, moja kwa moja."

"Moja kwa moja," alirudia, kama mtu anayeonja chumvi. "Vizuizi ngapi?"

"Sijui. Saba. Huenda tisa."

"Basi nasimama mara tisa. Taa nawaka, feni nazunguka, na betri yako iko mgonjwa. Sailensa ikikaa chini haichaji kitu." Akaipandisha. Gari la baba, lililozoea kunong'ona, likaanza kupayuka. Kipimo changu kilisoma mizunguko elfu moja na mia moja kwa dakika.

"Usta, kitabu cha gari kinasema mia saba na hamsini."

"Kitabu ilisimama wapi?"

Nilikasirika. Alitia nukta yake, akafunga boneti, akaweka kiganja juu yake. "Usiguse," akasema. "Salimia mama. Mwambie Usta amesema njia njema."

Nilipofika nyumbani nilikokotoa. Huo ndio ugonjwa wangu, wengine hunywa. Nilichukua tofauti ya mizunguko, nikaizidisha kwa saa za kusimama, nikagawanya kwa hiki na kile, na matokeo, hadi tarakimu ya tatu baada ya nukta, yalionyesha kwamba ushupavu wa Usta ungetugharimu karibu lita moja na nusu ya petroli njiani. Kwa ajili ya lita moja na nusu niliona ni halali kumsahihisha mtu aliyeifanya kazi ile tangu kabla sijajua kusoma. Nilikwangua nukta kwa wembe. Nilizungusha skrubu mpaka kipimo kikatua juu ya mia saba na hamsini, pale pale kitabu kilipotaka, na nikahisi, Mungu anisamehe, furaha ya kitaaluma. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu makini, niliazima rangi nyekundu ya kucha ya binamu yangu na kuipaka skrubu upya, kichwa kizima, kwa mkono uliotulia, bila kuacha upenyo wowote. Ilipendeza.

Tuliondoka alfajiri. Kwenye kizuizi cha pili, ng'ambo ya daraja, foleni ilikuwa ndefu. Askari alichukua vitambulisho vyetu na kuingia navyo kibandani. Jua likatukuta pale pale, taa bado zinawaka kwa sababu ya mwendeshaji, yaani mimi, aliyekuwa akifikiria mambo makubwa zaidi. Feni ikaingia kazini. Sailensa ikashuka kidogo. Gari likaanza kutetemeka kwa mtetemo ule ule niliouelezea katika sura ya tatu ya tasnifu yangu, likatetemeka mara ya pili kwa uthibitisho, likazima.

Niliwasha. Betri ilitoa sauti ya mtu anayekataa kwa adabu.

Askari alitoka kibandani mbio. "Wewe! Kwa nini nazima gari?"

"Sikuzima, afande. Limezima lenyewe."

"Lenyewe? Gari iko na akili? Unangoja nani hapa? Nani nakuja?"

Nikaanza kumweleza, na hili nalikumbuka zaidi ya bunduki yenyewe, habari ya uwiano wa hewa na petroli. Nilifika katikati ya sentensi. Nilipigishwa magoti kando ya barabara, mikono kichwani, mtutu kati ya mabega, na magari ya msafara yakaanza kutupita moja baada ya jingine, wote waliomo ndani wakitazama mbele kwa bidii kubwa. Dakika kumi na saba. Nilizihesabu, kwa kuwa kuhesabu ndicho kitu pekee mwili wangu ulichokuwa bado unakiweza. Mama alishuka garini. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akaketi vumbini kati yangu na yule askari, mgongo wake ukigusa magoti yangu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayepanga bei ya kushona sketi: "Mwanangu wa kwanza sijui yuko wapi. Nimebaki na huyu. Ukipiga, piga kupitia hapa."

Askari mzee mmoja alikuja, akatazama, akacheka, sijui kwa nini; namshukuru kwa kicheko hicho hata leo. Walilisukuma gari letu likaelekea Juba, injini ikashika mteremkoni. Walibaki na cherehani ya mama na madumu yote mawili. Lita moja na nusu niliyoiokoa ilikwenda pamoja na nyingine.

Asubuhi iliyofuata mama aliniamuru nimpeleke Hai Mauna. Alishuka kabla gari halijasimama. Pale palikuwa na wateja wanne, mama wa chai, na Mchungaji aliyekuja kwa sababu zake za kiroho.

"Usta gani wewe?" mama alisema. Hakupaza sauti, mama yangu anapokasirika husema polepole, ili usikose neno. "Nilikuletea gari la marehemu ili nimtoe mwanangu. Likazima mbele ya bunduki. Ulitaka kunizikia na wa pili?"

Usta alilisogelea gari. Alifungua boneti. Alitazama kwa muda wa pumzi mbili. Aliinua macho, akaniangalia mimi, kisha mama, kisha akaishusha boneti taratibu, kama mtu anayefunika usingizi wa mtoto.

"Malesh, Mama, samahani," alisema. "Kosa ni yangu. Mkono yangu imezeeka."

Nami nilinyamaza. Nimekuwa na miaka ya kutosha kuupanga ukimya huo katika aya, na umepangika vizuri. Kwamba mama alikuwa amechoka na haukuwa wakati wa kufafanua. Kwamba Usta mwenyewe amekiri, na si adabu kumkanusha mzee hadharani. Kwamba huenda betri peke yake ingetosha kutuangusha, jambo ambalo halijathibitishwa. Kila hoja ina mashiko. Zote kwa pamoja hazikunisaidia kumtazama usoni.

Mama wa chai alifanya kazi yake. Kabla ya Jumapili mji mzima ulimjua fundi aliyelizima gari la mjane mbele ya askari, na katika miji yenye vita hakuna anayempa skrubu yake mtu wa namna hiyo. Wateja wakahamia kwa fundi kijana mwenye redio. Wa kwanza kuhama alikuwa Mchungaji, aliyesema, kwa huzuni, kwamba imani ni kitu kimoja na kabureta ni kitu kingine.

Wiki mbili baadaye tulipata nafasi kwenye lori, tukavuka mpaka salama. Mama alibaki Adjumani, upande wa Uganda, akapata cherehani nyingine, na kila alipomsimulia mtu habari za barabara ile alimlaani Usta kwa ufupi na kwa mpangilio. Mimi nilikamilisha tasnifu. Ukurasa wa shukrani una majina thelathini na moja, likiwemo la mlinzi wa maktaba. Mtahini wa nje aliisifu sura ya tatu kwa kile alichokiita uzoefu wa moja kwa moja.

Nilirudi Juba baada ya mkataba wa amani wa mwisho, kama tunavyouita kwa heshima ya iliyotangulia. Nilikuwa na kazi, shahada, na gari lisilo na skrubu. Niliahirisha kumtafuta Usta kwa miezi minne, nikijiambia kwamba nakusanya taarifa. Nilimkuta New Site, amekaa kwenye ndoo nyuma ya safu ya vibanda, akirekebisha jenereta za wenye maduka. Jenereta nazo husimama mahali pamoja na kuzunguka. Alikuwa amefika, nadhani, mwisho wa mantiki yake. Mvi zilikuwa zimemshika mpaka kwenye nyusi. Bisibisi ilikuwa nyuma ya sikio lile lile.

"Profesa," alisema, bila kuinuka. "Gari yako inasemaje?"

"Haisemi kitu, Usta. Ina kompyuta."

"Malesh," alisema, kwa huruma ya kweli.

Mbele yake palikuwa na jenereta iliyokuwa ikiendesha friji ya soda ya kibanda cha mbele. Alizungusha skrubu kwa upana wa unywele, akasikiliza, akatoa kichupa. Nilimtazama anavyotia nukta. Punje ya ulezi, nusu huku, nusu kule. Mkono wake haukutikisika hata kidogo. Haukuwa umezeeka wakati ule, na haukuwa umezeeka sasa.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba yenye sehemu tatu. Nilisema tu, "Usta, ile skrubu niliisogeza mimi."

"Najua."

"Unajuaje?"

Aliniinulia kichupa. "Mimi natia nukta moja. Ile ilipakwa yote, pande zote, safi kabisa, kama kucha ya bibi arusi. Nikasema, hii ni kazi ya mtu amesoma."

Jenereta ilizunguka. Nilimwuliza kwa nini basi hakusema, siku ile, mbele ya watu, wakati neno moja lingetosha.

"Mama yako alikuwa amebaki na mtoto moja," alisema. "Akikasirikia Usta, kuna Usta wengi Juba. Akikasirikia wewe, anaenda kukaa na nani?" Alikikaza kifuniko cha kichupa na kukirudisha mfukoni. Nilianza kusema neno la shukrani, neno refu, lenye viambishi vyote. Alinikatiza kwa kiganja.

"Kalam fadi. Maneno matupu hayo. Sikiliza. Wakati ile mama alikuwa na hofu, mimi nikanyamaza. Sasa wanasema vita imeisha. Mama yuko hai?"

"Yuko hai. Yuko Adjumani."

"Bado ananitukana?"

Nilifikiria jibu lenye tahadhari. "Mara kwa mara," nikasema.

"Basi mimi sitaki kufa na hiyo kosa, Profesa. Si yangu. Niliibeba kidogo, wewe ukaenda Kampala ukasahau kuichukua." Alielekeza bisibisi kwenye mfuko wa shati langu. "Simu iko na chaji?"

Nilimweleza kwamba jambo kama hilo hufaa kusemwa ana kwa ana. Kwamba shinikizo la damu la mama si la kuaminika. Kwamba ningependa kwanza kutafakari mpangilio wa maelezo. Alinisikiliza mpaka mwisho, jicho moja limefumbwa, kama anavyozisikiliza injini zenye kasoro. Nikatoa simu. Iliita mara tatu.

"Mama," nilisema.

"Sikusikii, mwanangu! Kuna kelele gani huko?"

Usta alinyoosha mkono, akaizima jenereta.

Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona akizima kitu kinachozunguka vizuri. Kutoka kibanda cha mbele mtu alipiga ukelele, "Ya Usta! Soda zangu!" na Usta akamjibu, bila kugeuka, kwamba soda zitangoja, kila mtu hapa ameshangoja. Kisha New Site yote ikawa kimya kiasi kwamba niliisikia cherehani ya mama, kule Adjumani, ikipunguza mwendo na kusimama.

"Sasa nasikia," mama alisema. "Umesimama wapi penye kimya hivyo?"

Nikamwambia nilipo, na aliyeisogeza skrubu.